Magic, Yu-Gi-Oh!, Pokémon au Hearthstone: angalia kwanza nani anaruhusiwa kukudakia

Kila mtu anayetaka kuanza gemu za kadi anauliza swali lile lile, nianze na ipi, na majibu anayopewa yanakuwaga ya picha tu, mara hii ina madragoni makali, mara ile ina wahusika tuliowaangalia utotoni, mara hii deki zake bei chee, na yote hayo ni sawa mtu apende anachopenda, ila mimi baada ya miaka ya kuchanganya na kushusha hizi kadi nimebaki na swali moja ambalo naona ndo linaamua kama utaipenda gemu au utaisahau kabatini baada ya wiki mbili. Mwenzako anaruhusiwa kukudakia lini?

Maana kombo ni kama sentensi. Una kadi mbili, tatu, nne, kila moja peke yake ni kawaida tu, zikifuatana kwa mpangilio zinasema kitu kikubwa, na kazi yako ni kuimaliza hiyo sentensi kabla mtu hajakudakia mdomoni. Kuna gemu mwenzako anaweza kudakia baada ya kila neno. Kuna gemu anadakia mwanzoni lakini utekelezaji ukishaanza wote mdomo zipu. Kuna gemu anakaa kimya mpaka umalize kila kitu. Na kuna gemu ambayo yeye hayupo kabisa, ila ameacha mtego mezani unakusubiri. Kombo zinazojengwa kwenye kila moja zinatofautiana kwa sababu hiyo hiyo, sio kwa sababu ya michoro.

Nazichukua hizi nne maana ndo watu wengi wanachagua kati yake, na mwishoni kidogo nitaigusa ya tano. Magic nitakaa nayo zaidi kuliko zingine, kwa sababu ukiielewa hiyo nyingine zote unazisoma chap.

Magic: anadakia popote, mradi ana mana

Magic: The Gathering ilitoka 1993, mtunzi wake Richard Garfield, na ndo iliyozaa aina hii yote ya gemu. Mnaanza na uhai 20, deki kadi 60 kwenda juu, kadi yenye jina moja isizidi nne ukitoa ardhi za kawaida. Karibu kila unachoshusha unakilipia mana, yaani nguvu ya kulipia kadi, mana inatoka hasa kwenye kadi za ardhi, ardhi unashusha moja kwa zamu. Uchawi wake uko wa namna mbili, kuna ule wa polepole ambao ni kwenye zamu yako tu na hakuna kitu kingine kinachosubiri, na kuna ule wa papo hapo ambao unaurusha muda wowote, hata katikati ya zamu ya mwenzako, hata juu ya uchawi wake ambao haujafanya kazi bado.

Sasa kitu cha kuelewa ni kwamba ukirusha uchawi haufanyi kazi pale pale. Unakaa kwenye rundo kwanza. Mwenzako anapewa nafasi, una neno? Akiwa nalo analiweka juu ya lako, na wewe unaweza kuweka juu ya lake, mpaka wote wawili mnyamaze, hapo ndo cha juu kabisa kinatekelezwa. Aliyeingia mwisho anatoka kwanza, kama sahani zilizopangwa, huwezi kuchomoa ya chini ukaiacha ya juu.

Tuchukue mfano mdogo kabisa. Una dubu 2/2, yaani anapiga 2 na anahimili 2. Mkononi una Giant Growth, mana moja ya kijani, inamwongezea kiumbe +3/+3 mpaka mwisho wa zamu. Mwenzako ana Lightning Bolt, mana moja nyekundu, dameji 3. Akianza yeye, akarusha Bolt kwa dubu, wewe unajibu na Growth. Growth iko juu, inatekelezwa kwanza, dubu anakuwa 5/5, Bolt inafika inampiga 3, dubu anabaki hai. Safi.

Geuza sasa. Unaanza wewe, unataka kushambulia kwa nguvu, unarusha Growth kwa dubu wako. Mwenzako anajibu na Bolt. Bolt iko juu, dubu bado ni 2/2, anakufa, halafu Growth inafika inakuta aliyelengwa hayupo, haifanyi chochote, inaenda makaburini. Kadi ni zile zile, mana ile ile, dubu yule yule, lakini kwenye mfano wa kwanza umebadilishana kadi yako moja kwa kadi yake moja na kwenye wa pili umepoteza mbili kwa moja. Nilishapoteza mechi nzima hivyo, nilikuwa na haraka ya kumkuza kiumbe wangu wakati mpinzani ana ardhi moja nyekundu imesimama, yaani bado haijatumika, mbele ya macho yangu, na tangu siku ile nikishika uchawi wa kukuza kiumbe naangalia kwanza ardhi za mwenzangu ndo naangalia mkono wangu.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo wanaoanza wengi hawalijui, baada ya KILA kitu kutoka juu ya rundo mnaulizwa tena, una neno? Rudi kwenye mfano wa kwanza. Growth imetekelezwa, dubu ni 5/5, ile Bolt ya kwanza bado iko chini inasubiri. Mwenzako akiwa na Bolt ya pili anaweza kuirusha hapo hapo katikati, ya pili inapiga 3, ya kwanza inafuata na 3 zake, jumla 6, dubu mwenye 5 hana chake. Hiyo nafasi ya kuongea katikati ya utekelezaji ikumbuke vizuri, maana kwenye Yu-Gi-Oh! haipo. (Huu mfumo wa rundo wenyewe haukuwepo tangu mwanzo, uliingia 1999 na sheria za toleo la sita, kabla ya hapo kulikuwa na kundi zima la kadi za kukatiza lenye sheria zake na lilikuwa linawavuruga watu.)

Kwa hiyo kombo ya Magic lazima ijengwe ikijua kwamba itadakiwa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Deceiver Exarch na Splinter Twin. Exarch ni kiumbe cha mana tatu, 1/4, unaweza kukishusha papo hapo kama uchawi, na kikiingia kinaamsha kitu chako kimoja au kinalaza kitu kimoja cha mpinzani (kulaza ni kuigeuza kadi upande kuonyesha imeshatumika, kuamsha ni kuirudisha wima itumike tena). Twin ni mana nne, unaubandika kwenye kiumbe chako, kiumbe hicho kinapata uwezo wa kujilaza na kutengeneza nakala yake, na nakala inaruhusiwa kushambulia zamu hiyo hiyo. Unganisha sasa: Exarch anajilaza, nakala inaingia, nakala ikiingia inamwamsha Exarch wa kwanza, anajilaza tena, nakala nyingine, anaamshwa tena, unaendelea mpaka una nakala 20 au 1,000, zote zinapiga 1, mpinzani mwenye uhai 20 kaisha.

Lakini utamu uko kwenye muda. Zamu yako ya tatu hufanyi kitu, unampa mwenzako zamu ukiwa na ardhi tatu zimesimama. Anacheza mambo yake, akifika mwishoni kabisa mwa zamu yake ndo unamshusha Exarch, unalaza ardhi yake moja, na hiyo ardhi haiamki mpaka zamu yake ijayo, maana yake kwenye zamu yako atakuwa na ardhi moja pungufu ya kukujibia. Unaamka, unashusha ardhi ya nne, Twin. Akirusha Lightning Bolt Exarch anahimili 4, hafi. Akiwa na Path to Exile, mana moja nyeupe, ukaurusha Twin wako yeye akajibu kwa kumwondoa Exarch, Twin inakosa pa kubandikwa na umepoteza zote mbili. Na hata kama kombo huna mkononi, mwenzako akishajua deki yako ni ya Twin analazimika kuacha mana kila zamu kwa hofu, hachezi vizuri, anabanwa na kitu ambacho hakijatokea. Splinter Twin ilifungiwa kwenye Modern, moja ya namna rasmi za kucheza Magic, mwaka 2016, ikafunguliwa tena Desemba 2024.

Hiyo hofu ndo roho ya Magic kwangu. Ukiona mwenzako kaacha ardhi mbili za bluu hazijaguswa unaanza kuwaza, ana Counterspell huyu, ule uchawi wa kubatilisha uchawi, au ananitishia nyau? Kudakia kuna gharama, mana aliyoiacha ili akudakie hakuitumia kujijenga. Kama wewe ni mtu wa kusoma uso wa mwenzako na kusubiri, umefika.

Yu-Gi-Oh!: cheni ikifungwa hakuna wa kuongea

Huku hakuna mana. Rudia hiyo sentensi polepole kwa sababu ndo inayobadilisha kila kitu. Kadi za Konami zilianza Japani 1999 kutokana na manga ya Kazuki Takahashi iliyoanza 1996, zikafika Marekani 2002. Uhai 8000, deki kadi 40 mpaka 60, nakala tatu za kila kadi, pembeni una deki ya ziada ya kadi mpaka 15 ambayo unaitumia kama ghala la monsta wakubwa. Kwa zamu unaruhusiwa kuita monsta kwa njia ya kawaida mara moja tu, lakini kuita kwa njia maalum hakuna kikomo, na hapo ndo mlango wa kombo ndefu unafunguka, mtu anaanza na kadi moja anamaliza zamu ya kwanza ana monsta wanne watano mezani na mkononi bado ana kadi.

Badala ya mana kuna kasi. Kasi ya 1 ni uchawi wa kawaida na uwezo mwingi wa monsta wa kwenye zamu yako, hii haiwezi kumjibu mtu. Kasi ya 2 ni uchawi wa haraka, mitego mingi, na uwezo wa haraka wa monsta, hii inajibu kasi ya 1 na ya 2. Kasi ya 3 ni mitego ya kupinga, kama Solemn Judgment unayolipa nusu ya uhai wako kubatilisha kitu, na kasi ya 3 inajibiwa na kasi ya 3 tu. Mtego lazima uufiche mezani kwanza usubiri zamu ipite. Uchawi wa haraka kwenye zamu yako unautoa moja kwa moja mkononi, ila kwenye zamu ya mwenzako lazima uwe umeuficha kabla.

Mkijibizana mnajenga cheni, kiungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na ikitekelezwa inaanzia mwisho kurudi mwanzo, hadi hapo inafanana na rundo la Magic. Tofauti ni kwamba cheni ikishaanza kutekelezwa hakuna mtu kuongeza kitu mpaka iishe yote. Ile Bolt ya pili ya katikati, huku sahau. Kama ulitaka kusema ulitakiwa useme wakati cheni inajengwa, hujui bado mwisho wake utakuwaje, unaamua kwa kubashiri. Mimi naona hii ni ngumu zaidi kuliko Magic japo watu wengi wanasema kinyume.

Kosa ambalo kila anayeanza analifanya, mwenzake anaamsha (huku maana yake anautumia) uchawi wa kawaida wa kuvuta kadi mbili, tuseme Pot of Greed (imefungiwa lakini kila mtu anaijua), na yeye anajibu na Mystical Space Typhoon, inayoharibu uchawi au mtego mmoja mezani. Typhoon inatekelezwa, Pot inaharibiwa, anafurahi. Halafu mwenzake anavuta kadi mbili kama kawaida. Kuharibu sio kubatilisha! Kadi ilishaamshwa, neno limeshatoka, kuichana karatasi hakulirudishi mdomoni. Typhoon inazuia kweli kwa vile vitu vinavyotakiwa kubaki mezani ndo vifanye kazi, uchawi wa kudumu, wa uwanja, wa kubandika. Nimeona ugomvi mwingi juu ya hili kuliko jambo lingine lolote kwenye hii gemu.

Na kuna kupitwa na muda. Kadi zingine zimeandikwa kwa namna kwamba uwezo wake ni wa hiari na unaruhusiwa pale tu tukio linapotokea, na zingine zimeandikwa ikiwa tukio limetokea. Ya kwanza inadai tukio hilo liwe ndo kitu cha MWISHO kilichotokea. Peten the Dark Clown ni mfano wa siku nyingi, akipelekwa makaburini unaweza kumleta Peten mwingine kutoka kwenye deki, ila ukimtoa sadaka ili kuita monsta mkubwa hapati nafasi, sababu kitu cha mwisho kilichotokea ni kuitwa yule mkubwa, sio Peten kwenda makaburini. Neno moja dogo kwenye kadi, kombo yako yote inakatika. Kwa hiyo ukichagua Yu-Gi-Oh! jua umechagua gemu ya kusoma maandishi kama mwanasheria, na kama hiyo inakupa mzuka basi utafurahi sana, mimi binafsi nafurahi.

Kombo zinadakiwaje kama hakuna mana ya kuogopa? Kwa kadi za mkononi. Mpinzani ambaye hajapata zamu hata moja, meza yake tupu kabisa, anaweza kutupa Ash Blossom & Joyous Spring kutoka mkononi ukiwa unatafuta kadi kwenye deki yako, na utafutaji unabatilika. Anaweza kutupa Effect Veiler akamzima monsta wako mpaka mwisho wa zamu. Na mbaya kuliko zote kwa mtu wa kombo ndefu ni Nibiru, ukishaita monsta watano au zaidi ndani ya zamu moja anaruhusiwa kumleta, na wote walio wazi mezani wanatolewa sadaka, kazi yako yote ya dakika kumi imefutwa. Ndo maana wachezaji wazuri wanahesabu, moja, mbili, tatu, nne, na wanahakikisha kabla ya monsta wa tano wana mezani kitu cha kubatilisha. Wengine wanarusha chambo kwanza, wanaamsha kadi ya kutafuta isiyo muhimu sana ili Ash itoke, na Ash inatumika mara moja tu kwa zamu, halafu ndo wanaanza kombo halisi.

Kuna hata kombo ambazo cheni yenyewe ndo silaha. Chain Strike inapiga 400 mara namba ya kiungo chake, kiungo cha nne ni 1600. Accumulated Fortune inaamshwa kuanzia kiungo cha nne tu na inakuvutisha kadi mbili. Mtu anaficha mitego mitano, anakusubiri ufanye kitu kidogo tu, halafu anamwaga yote kwa mfululizo.

Pokémon: anakaa kimya mpaka umalize

Pokémon ya kadi ilianza Japani Oktoba 1996 na ya Kiingereza 1999. Kadi 60, nakala nne, na sita zinawekwa pembeni zimefunikwa kama zawadi, unachukua kila ukiangusha Pokémon wa mwenzako, ukimaliza sita umeshinda. Kwenye zamu yako mpinzani hachezi kadi yoyote. (Iliwahi kuwepo kadi ya Power Spray, 2009, ambayo ilichezwa kwenye zamu ya mpinzani, na watu bado wanaikumbuka kwa sababu haikuwa kawaida kabisa.) Uwezo fulani wa Pokémon walioko mezani unaendelea kukubana hata zamu sio yao, lakini huo unauona mapema, haukushtukizi.

Kwa hiyo kombo ya hapa haiogopi kudakiwa, inaogopa mpangilio mbovu. Kadi za vitu unacheza nyingi utakavyo, ya msaidizi ni moja tu kwa zamu, nishati ya kubandika ni moja kwa zamu, na ukishambulia zamu imeisha. Chukua Professor's Research, unatupa mkono wote unavuta kadi saba. Ukiicheza mapema umetupa Rare Candy (kadi ya kumkuza Pokémon kwa kuruka hatua) na mipira ya kutafutia Pokémon ambayo ungeitumia dakika hiyo hiyo. Kwa hiyo unaanza kutoa vyote unavyoweza kutoa, unatafuta Pokémon kwenye deki kwanza ili deki ipungue vitu usivyovihitaji, halafu ndo unavuta saba zako kwenye deki iliyo bora zaidi. Mtu anayefanya hivi kila zamu anamzidi anayecheza ovyo hata kama deki ni ile ile kadi kwa kadi.

Kombo ya kawaida ni kumweka Charmander, Pokémon mdogo wa moto, mezani zamu hii, zamu ijayo Rare Candy inamrusha moja kwa moja mpaka umbo lake kubwa, Charizard ex, na Charizard ex akibadilika namna hiyo anatafuta nishati tatu za moto kwenye deki na kuzibandika, tayari kashambulia. Mwenzako akiona Charmander anajua kinachokuja. Kukujibu kwake ni kwenye zamu yake, amwangushe Charmander mapema au acheze Iono, kila mmoja anaweka mkono wake chini ya deki na kuvuta kadi sawa na zawadi alizobakiza, na kama wewe umebakiza zawadi mbili basi unavuta mbili tu, Rare Candy uliyoilea mkononi imezama. Halafu zile zawadi sita, kadi uliyoweka moja tu kwenye deki ina nafasi moja kati ya kumi ya kuwa imefungiwa humo, kwa hiyo usijenge sentensi yako yote juu ya neno moja.

Hearthstone: hayupo, ila kaacha mtego

Hii sio ya kubadilishana kadi, ni ya kwenye skrini tu, ya Blizzard, ilitoka Machi 2014, kadi 30, uhai 30, mana inaongezeka yenyewe moja kila zamu mpaka 10. Naiweka hapa maana wengi wanaanzia huko halafu wakihamia Magic wanashangaa wanakatizwa. Huku mpinzani hagusi kitu kwenye zamu yako. Kinachoweza kukudakia ni siri alizoziacha mezani, kwa mfano Counterspell ya huku inaua uchawi wa kwanza utakaourusha, dawa yake ni kurusha kwanza uchawi wa bei rahisi, hata ile sarafu anayopewa anayecheza wa pili.

Kwa sababu hakuna kudakiwa, kombo zake zinakuwa za hesabu na mpangilio. Ile maarufu ya zamani, Leeroy Jenkins mana 4 anapiga 6 na anashambulia hapo hapo, Power Overwhelming mana 1 inaongeza +4, Faceless Manipulator mana 5 ananakili kiumbe. Jumla mana 10. Ukimwongezea Leeroy kwanza halafu ukanakili unapata 10 na 10, dameji 20. Ukinakili kwanza halafu ukaongeza unapata 10 na 6, dameji 16. Blizzard walimpandisha Leeroy mpaka mana 5 mwaka 2014 na hesabu ikawa 11, kombo ikafa, bila hata kugusa maneno kwenye kadi. Mashine ndo inaamua kipi kinaanza, hakuna kubishana, ila pia hujifunzi kwa nini, na saa inakwenda, kombo ndefu inaweza kukatwa na muda.

Basi uchague ipi

Ukiwa unachukia kukatizwa, yaani ukipanga kitu unataka kikamilike, usijitese, nenda Pokémon kama unataka kadi za kushika mkononi na Hearthstone kama uko peke yako na simu. Na ukiwa unafundisha mtoto wa miaka saba nane, Pokémon, sifikirii mara mbili. Kuna watu wanaidharau Pokémon eti ya kitoto kwa sababu hakuna majibizano, hao hawajakaa na mchezaji mzuri wakaona anavyopanga zamu moja ya hatua kumi na mbili bila kupoteza kadi.

Ukiwa unapenda kombo ndefu kupita zote na huoni uvivu kusoma, Yu-Gi-Oh!. Ila jiandae kisaikolojia kwa jambo moja, mechi nyingi zinaamuliwa zamu mbili tatu za kwanza, na kuna siku utakaa unamwangalia mwenzako anacheza dakika kumi mfululizo wakati wewe mkononi huna hata Ash. Asiyeweza kuvumilia hilo atachukia gemu nzima, na nisingependa mtu achukie kitu kizuri kwa sababu hakuambiwa mapema.

Ukiwa unataka kudakia na kudakiwa, Magic. Hiyo ndo chaguo langu mimi, kwa sababu ya ile nafasi ya kuongea tena baada ya kila kitu kutekelezwa, na kwa sababu kudakia kunalipiwa kwa hiyo kuna maamuzi pande zote mbili. Kama sheria za rundo zinakuogopesha, pitia kwanza Legends of Runeterra ya Riot, 2020, ni ya kwenye skrini, uchawi wake umegawanywa wazi kwa kasi, kuna unaotekelezwa hapo hapo bila mtu kujibu, kuna wa haraka unaojibiwa, kuna wa polepole wa nje ya mapigano tu, na skrini inakuonyesha kabla hujakubali matokeo yatakuwaje. Wiki mbili hapo, ukirudi kwenye rundo la Magic unaliona kabisa kichwani.

Na kabla hujanunua deki yoyote fanya hivi na rafiki yako. Chukueni vipande vitatu vya karatasi, kimoja dubu 2/2, kimoja Growth ya +3/+3 mpaka mwisho wa zamu, kimoja Bolt ya dameji 3, dubu na Growth ni vyako, Bolt ni yake. Chezeni kwa sheria ya Magic, mara unaanza wewe mara anaanza yeye, mtaona mwenye kujibu ndo anashinda. Mwongezeeni Bolt ya pili mjaribu kwa sheria ya cheni, muone anavyolazimika kuamua kuitoa kabla Growth haijafanya kazi, akichelewa imekula kwake. Halafu chezeni kwa sheria ya Pokémon, kila mtu kwenye zamu yake tu, na hapo dubu anakufa kila mara, sababu Bolt ikifika zamu yake Growth imeshaisha muda.